Mafunzo ya walimu wa yoga: Nani anavuna, nani anauza mbegu?

MFUGAJI yeyote aliyekuwa Kenya mwaka 2013 na 2014 anaikumbuka habari ya kware. Mayai yake yalisifiwa kuwa ni dawa ya karibu kila ugonjwa, bei ikapaa, na watu wakakimbilia kununua vifaranga. Muda si mrefu kware wakajaa kila mahali, mnunuzi wa mayai akawa haonekani, na bei ikaporomoka. Waliotoka na fedha mfukoni ni wale waliowahi kuwauzia vifaranga wafugaji wapya.

Biashara inayozungumziwa hapa haina mayai wala manyoya, lakini mpangilio wake unafanana na huo kwa kiasi cha kumfanya mjasiriamali asimame na kutazama. Ni biashara ya kuwafundisha walimu wa yoga, na hasa zile warsha za juu ambazo mwanafunzi wake ni mtu ambaye tayari ni mwalimu.

Yoga ni mazoezi ya viungo, pumzi na utulivu wa akili yenye asili ya India. Huku kwetu imeingia mjini na pwani. Zipo kumbi za mazoezi Nairobi na Dar es Salaam, zipo hoteli za ufukweni Unguja zinazoiweka kwenye orodha ya huduma zao, na kule Shela, kisiwani Lamu, hufanyika tamasha la yoga linalovuta wageni. Kwa kijana anayetafuta kazi, inavutia kwa sababu mtaji wake unaonekana mdogo: mkeka na mwili alionao. Hata hivyo, akishaanza kufundisha hugundua kwamba mkeka si gharama kubwa. Gharama kubwa ni cheti, na juu ya cheti kipo cheti kingine.

Ngazi za saa

Mwaka 1999 liliundwa nchini Marekani shirika lisilo la kibiashara liitwalo Yoga Alliance. Shirika hilo liliweka kipimo kilichokuja kuenea duniani: mwalimu wa kuanzia awe na mafunzo ya saa 200, na mwalimu wa juu awe na saa 500. Aliye na saa 200 akitaka kupanda hulazimika kusoma saa nyingine 300. Kipimo hiki si sheria ya serikali. Ni daftari la usajili, na anayetaka jina lake liwemo hulipa ada. Lakini meneja wa hoteli asiyejua lolote kuhusu yoga anapotaka kuajiri mwalimu, swali la haraka analoweza kuuliza ni "una saa ngapi?" Basi daftari likageuka kuwa soko.

Mtindo wa kufundisha walimu kwa mwezi mmoja wa kulala na kula shuleni ni wa zamani zaidi ya daftari hilo. Swami Vishnudevananda, ambaye mwalimu wake Sivananda alimtuma nchi za Magharibi mwaka 1957, alianzisha mafunzo ya walimu ya wiki nne mwaka 1969. Wahitimu wake waliandaliwa pia kozi ya juu, nayo ya wiki nne. Kilichobadilika tangu wakati huo ni wingi wa wanaouza.

Kuna jambo jingine linalofanya wateja wasikauke. Kanuni za Yoga Alliance humtaka mwalimu aliyesajiliwa aonyeshe kila baada ya miaka mitatu kwamba amefundisha saa 45 na amejifunza saa nyingine 30. Mfugaji wa kuku ataelewa haraka: ni kama chanjo ya kideri, huchanji mara moja ukasahau. Kwa sababu hiyo zimezuka warsha fupi za mwisho wa wiki na za siku kumi, juu ya pumzi, juu ya maumivu ya mgongo, juu ya wajawazito, juu ya wazee. Mwalimu akimaliza moja, tangazo la nyingine linamsubiri.

Mji unaoishi kwa wanafunzi

Anayetaka kuiona biashara hii ikiwa imeiva atazame Rishikesh, mji wa jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, pale mto Ganga unapotoka milimani. Sivananda alianzisha jumuiya yake hapo mwaka 1936. Mwaka 1968 wanamuziki wa Beatles kutoka Uingereza walikwenda kukaa kwa Maharishi Mahesh Yogi, na magazeti ya dunia yakawafuata. Leo kingo za mto zimejaa shule za kufundisha walimu, na wageni huingia kwa viza ya mtandao ambayo India huitoa hata kwa ajili ya programu fupi ya yoga.

Mji huo hauuzi nyama wala pombe. Shule huuza kitanda, chakula na masomo kwa bei moja, na chakula chenyewe ni dengu, wali, chapati, mboga na maziwa. Maana yake ni kwamba ada ya mgeni aliyetoka Ujerumani au Kenya huishia kwa sehemu kwa muuza maziwa na mkulima wa mboga wa vijiji vya jirani, ambaye pengine hajawahi kukaa juu ya mkeka hata siku moja. Mwenye nyumba ya wageni naye hupata mteja wa mwezi mzima badala ya mteja wa usiku mmoja.

Siku huanza alfajiri kwa mazoezi ya pumzi, kisha mikao, kifungua kinywa, somo la maumbile ya mwili, somo la falsafa, mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzako, na mikao tena jioni. Kwa kawaida ada ya kozi ya saa 300 huanzia dola 1,000 hivi na kupanda kutegemea chumba na sifa ya shule. Nchi za Magharibi kozi kama hiyo hugharimu zaidi, tena mara nyingi bila malazi.

Hapo ndipo mtu aliyezoea kupima magunia anapaswa kushika kalamu. Shule nyingi hutangaza saa 300 ndani ya siku 28. Ukigawanya, ni karibu saa 11 kwa siku, bila siku ya kupumzika. Ukitoa Jumapili nne, ni saa 12 na nusu. Hakuna mwili unaofanya mikao na kichwa kinachoshika masomo kwa muda huo kila siku kwa mwezi. Ama saa za kula na kusoma mwenyewe zimehesabiwa humo, ama gunia halijajaa.

Hesabu ya mwenye shule

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kuonyesha tu jinsi fedha zinavyotembea. Shule inapokea wanafunzi kwa dola 1,500 kila mmoja kwa siku 30. Chakula na malazi ya mwanafunzi mmoja ni dola 25 kwa siku, yaani dola 750. Walimu watatu wanalipwa jumla ya dola 4,500. Ukumbi na matangazo ni dola 3,000.

Wakija wanafunzi kumi, yanaingia mapato ya dola 15,000. Chakula na malazi ni 7,500, walimu 4,500, ukumbi na matangazo 3,000. Mwenye shule anabaki na sifuri. Lakini mwanafunzi wa kumi na moja haongezi mshahara wa mwalimu wala kodi ya ukumbi. Anaongeza chakula na kitanda tu, na dola 750 zake zilizobaki ni faida. Wakifika ishirini, faida ni dola 7,500 kwa mwezi mmoja.

Katika hesabu hiyo ndimo ulimo ugonjwa mkubwa wa biashara hii. Mwanafunzi wa kumi na moja hata akiwa hajawahi kufundisha vizuri, hata akiwa na maumivu ya bega ambayo yangemtaka asubiri mwaka mmoja, kumkataa ni kutupa dola 750. Kumfelisha mwishoni ni kuharibu sifa ya shule kwa wateja wajao. Isitoshe, shirika la usajili limekuwa likipokea cheti kutoka shule iliyosajiliwa, bila kumwita mwalimu mmoja mmoja na kumtahini. Anayeuza kozi ndiye pia anayesema mnunuzi amefaulu.

Hesabu ya mwalimu

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa mfano wa kubuni vilevile. Mwalimu wa Nairobi anakwenda India kwa kozi ya saa 300. Ada dola 1,500, tiketi 700, viza na matumizi 300. Mwezi huo hafundishi, anakosa kipato cha dola 300. Jumla amewekeza dola 2,800.

Kabla ya safari alikuwa akimtoza mteja wa nyumbani dola 15 kwa kipindi. Akirudi na kupandisha hadi 20, anapata nyongeza ya dola 5. Ili fedha yake irudi anahitaji vipindi 560. Kwa vipindi kumi kila wiki, ni wiki 56, mwaka mmoja na zaidi kidogo. Si hasara, hata kidogo. Wapo wanaokopa kununua pikipiki na kusubiri muda huohuo. Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya neno "akipandisha". Mteja akikataa bei mpya, kwa kuwa kwake mikao ni ileile na mwalimu ni yuleyule, zile dola 2,800 hazitarudi kupitia kwake.

Kwa hiyo mwalimu huanza kufikiria njia nyingine ya kurudisha fedha: afungue kozi yake mwenyewe ya kufundisha walimu. Kware wameanza kuuziana vifaranga.

Haina maana kwamba warsha za juu hazina kitu ndani. Zilizo nzuri hufundisha mambo ambayo kozi ya kwanza huyapitia mbiombio. Mtu mwenye presha ya macho hapaswi kusimama kwa kichwa. Mjamzito aliyefika miezi ya mwisho hapaswi kulazwa chali muda mrefu. Mzee aliyevunjika nyonga hufundishwa akiwa ameshika kiti, na mkao wake bado ni yoga. Mwalimu anayejua kumgusa mwanafunzi bila kumuumiza, na anayejua lini asimguse kabisa, ana ujuzi ambao mteja huuhisi mwilini mwake na yuko tayari kuulipia. Hoteli inayopokea wageni wenye umri wa miaka 60 na 70 inamhitaji mwalimu wa aina hiyo kuliko yule anayeweza kujikunja kama kamba.

Aliyetaka kumiliki mbegu

Kisa cha Bikram Choudhury kinafaa kusimuliwa kwa urefu, hasa kwa wakulima wanaozijua kelele za mbegu zenye mwenyewe. Mzaliwa huyu wa Kolkata alifika California miaka ya 1970 na kujulikana kwa mfululizo wa mikao 26 inayofanywa katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi. Kuanzia mwaka 1994 akaanza kuuza mafunzo ya walimu. Yalikuwa ya wiki tisa, hotelini, mamia ya watu kwa wakati mmoja, na baadaye ada ikapita dola 10,000 kwa kila mtu. Aliyehitimu ndiye aliyeruhusiwa kufungua ukumbi kwa jina la Bikram.

Kisha akadai kwamba mfululizo wenyewe ni mali yake chini ya sheria ya hakimiliki, kama kitabu au wimbo. Aliowashtaki ni pamoja na Evolation Yoga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 na watu wawili waliohitimu kwake, ambao nao walikuwa wakiendesha mafunzo ya walimu. Walilipa, wakajifunza, na sasa walikuwa wakiuza walichojifunza. Oktoba 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba mfululizo wa mikao ni njia ya kutafuta afya, na njia haimilikiwi kwa hakimiliki. Yeyote anaweza kuifundisha.

Choudhury alianguka kwa mambo mengine. Kuanzia mwaka 2013 wanawake kadhaa walimfungulia mashtaka ya kuwadhalilisha kingono, baadhi wakiwa ni waliohudhuria mafunzo yake. Januari 2016 baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles liliamuru amlipe aliyekuwa mshauri wake wa sheria zaidi ya dola milioni 7. Akaondoka Marekani, na Mei 2017 hati ya kumkamata ikatolewa. Pamoja naye, kumbi nyingi zilizokuwa zimelipia jina lake zililazimika kubadilisha mabango. Waliokuwa wamewekeza katika ujuzi waliendelea kufundisha. Waliokuwa wamewekeza katika jina walianza upya.

India yenyewe haikusubiri mahakama za Marekani. Mwaka 2001 ilianzisha maktaba ya kidijitali ya maarifa ya jadi, ambamo iliandika dawa za asili na baadaye mikao ya yoga, ili ofisi za hataza duniani zione kwamba mambo hayo yalijulikana tangu kale. Ilikuwa imejifunza kwa machungu. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, na ilifutwa mwaka 1997 baada ya India kupinga. Ile ya Ulaya juu ya dawa ya fangasi itokanayo na mwarobaini ilifutwa mwaka 2000, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2005. Mkulima wa manjano wa Muheza au mwenye mwarobaini uani hana sababu ya kuiona vita hii kuwa ya watu wengine.

Nani alinde cheti

Serikali zimejaribu kuingia. Mwaka 2009 majimbo ya New York na Virginia yaliziandikia shule za walimu wa yoga yakizitaka ziombe leseni kama vyuo vya ufundi. Virginia ilitaka ada ya dola 2,500. Shule zikalalamika kwamba ndogo zitafungwa, walimu wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 Virginia ikapitisha sheria ya kuziondoa katika leseni hiyo. New York nayo ilirudi nyuma. Wenye shule walishangilia. Kwa wanafunzi, ambao ndio waliokuwa wakitoa fedha, haikuwa wazi kama walikuwa wameshinda au wameshindwa.

India ilikwenda njia tofauti. Mwaka 2018, chini ya wizara yake ya tiba asili, iliunda bodi ya kutoa vyeti vya yoga kwa ngazi, na anayetaka cheti hufanya mtihani wa nadharia na vitendo. Huko Pune, kwa wafuasi wa B.K.S. Iyengar aliyefariki mwaka 2014, utaratibu ni mgumu zaidi. Mtu hujifunza kwa miaka kadhaa chini ya mwalimu mwenye cheti kabla ya kukaa mbele ya watahini, na kila ngazi ina mtihani wake. Na mjini Mysore, kwa K. Pattabhi Jois aliyefariki mwaka 2009, na baadaye kwa mjukuu wake Sharath Jois aliyefariki Novemba 2024, ruhusa ya kufundisha ilitolewa na mwalimu mwenyewe baada ya mwanafunzi kurudi mara nyingi. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mtoa ruhusa akiondoka, foleni nzima inabaki imesimama.

Hata Yoga Alliance ina kipengele kimoja ambacho fedha haziwezi kukirukia. Anayetaka kutambuliwa kuwa mwalimu mzoefu wa ngazi ya saa 500, sifa inayohitajika kuongoza mafunzo ya juu, lazima awe amefundisha saa 2,000 kwa muda usiopungua miaka minne. Kwa vipindi kumi vya saa moja kila wiki, hiyo ni karibu miaka minne kamili.

Nairobi na soko la jirani

Mfano wa karibu ni Africa Yoga Project ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson. Mradi huo uliwafundisha kuwa walimu vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini kwa msaada wa wafadhili, nao wakafundisha bure mitaani huku wakitafuta wateja wa kulipa. Umuhimu wake kibiashara ni kwamba ulihamisha mafunzo kuja alipo mwalimu. Tiketi ya ndege ikatoka kwenye hesabu.

Janga la korona lilisukuma jambo hilo mbele zaidi. Machi 2020 India ilifunga nchi, shule za Rishikesh zikabaki tupu, na Yoga Alliance ikaruhusu mafunzo ya mtandaoni ambayo tangu hapo hayajaondoka. Kozi zikawa nafuu. Lakini mwalimu wa mtandaoni hawezi kumshika mwanafunzi nyonga na kumwonyesha kosa lilipo, na hilo ndilo hasa watu walikuwa wakilifuata mbali.

Soko nalo lina mipaka yake. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada, na mwaka 2009 maulamaa wa Indonesia wakakataza ile yenye ibada ya Kihindu huku wakiruhusu mazoezi matupu. Kwa upande mwingine, Novemba 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Mwalimu wa Unguja au Mombasa anayejua kufundisha pumzi na viungo bila kumgusa mteja katika imani yake ana soko hapa nyumbani, na huenda ng'ambo ya bahari pia. Ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa: je, warsha hii inafundisha hivyo?

Yapo na maswali mengine ya kuuliza. Nani hasa atafundisha, na ana miaka mingapi darasani? Wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Je, yupo aliyewahi kufeli? Swali hilo la mwisho shule nyingi hulijibu kwa tabasamu tu. Aidha, aulizwe mwalimu mwenzako aliyehitimu miaka miwili iliyopita kama bei yake ilipanda, na kwa mteja gani.

Shule nyingi za Rishikesh huanza darasa jipya tarehe mosi ya kila mwezi, na hutaka malipo ya awali ili kushika nafasi. Kabla ya kuyatuma, soma pale chini ya fomu, kwenye maandishi madogo, kama fedha hiyo hurudishwa.